Anafunga Mlango

Hotuba kwa wazazi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Buza, Temeke

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mashehe na wachungaji mliokubali kukaa meza moja asubuhi hii, afisa ustawi wetu, walimu, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani. Sijasomea sheria wala uchungaji. Nimeitwa kuzungumza juu ya wajibu wa mzazi pale mtoto anapoumizwa ndani ya kundi la dini lililojifunga, na nimeitwa kwa sababu moja: mwanangu aliwahi kuniambia, nami sikumsikiliza. Juzi nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, waambie la mlango. Mengine niachie mimi." Kwa hiyo leo nitasema la mlango. Yaliyobaki ni yake, na naomba mtu asije baadaye kunivuta pembeni akaniuliza.

Waliokaa upande huu wa Temeke hawausahau mwaka 2009. Tarehe 29 Aprili, Jumatano, kabla ya adhuhuri, ghala la silaha la jeshi pale Mbagala lililipuka. Nilikuwa kibandani kwangu. Nilitoka mbio na futi shingoni, kiatu kimoja mguuni, nikawa napishana na watu wote, maana wao walikuwa wanakimbilia mjini na mimi nakimbilia shuleni kwa mwanangu. Nilimkuta chini ya mwembe ameshika mkono wa mtoto asiyemjua. Alikuwa na miaka 11, darasa la tano, na nilimbeba mgongoni mpaka Mtoni kwa Aziz Ali bila kuhisi uzito wake.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikuwa mama asiyempenda mtoto. Desemba ya mwaka huohuo, mtoto yuleyule alisimama mbele yangu akasema neno moja, na sikunyanyuka hata kwenye kiti.

Kundi lenyewe silitaji. Ila mjue kwamba halikuwa msituni. Tangu yale ya msitu wa Shakahola kule Kenya, watu wakisikia kundi lililojifunga wanawaza vichaka. Letu lilikuwa kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la bluu, kushoto duka la mangi, kulia banda la kuonyesha mpira, na daladala zilishusha abiria mlangoni kabisa. Uzio wetu ulikuwa maneno. Mtu wa nje aliitwa mtu wa mataifa. Homa ilipelekwa madhabahuni kabla ya zahanati. Ugomvi wa ndoa ulimalizwa ndani. Aliyekwenda kwa mjumbe au polisi kumshtaki ndugu, ilihesabiwa amewapeleka watakatifu mbele ya wasioamini, na Jumapili iliyofuata hapakuwa na wa kumpa mkono. Mkishaishi hivyo miaka miwili, hata geti likiachwa wazi hamtoki.

Niliingiaje? Mume wangu alifariki mwaka 2007. Ndugu zake walifika kugawana godoro na redio kabla ya arobaini. Watu wa geti la bluu ndio waliokodi Coaster ya kupeleka mwili Korogwe, wakanunua mchele wa msiba, wakalala chini pamoja nami siku tatu. Baadaye walinilipia chumba miezi sita, wakaniongezea cherehani ya pili. Kila nilipomtetea kiongozi wao, nilikuwa nalipa deni la jeneza la mume wangu. Wazazi wengi waliomo kwenye makundi ya namna hii waliingia kwa mlango huo: msiba, ugonjwa uliomaliza akiba, ndoa iliyovunjika, kijana aliyezama kwenye dawa za kulevya. Wapo watu wanaowaona wazazi hao kwenye simu na kuwacheka kuwa ni wajinga. Naomba tuache. Mama anayechekwa hatoki; anarudi kukaa pale anapoheshimiwa, na mwanawe anarudi naye.

Kila likizo watoto walikwenda kambi ya maombi, wakilala hapohapo siku saba. Desemba ile, siku ya tatu, mwanangu alirudi nyumbani peke yake kwa miguu. Nilikuwa nashona majoho ya kwaya ya watoto wao, kitambaa cha zambarau, na nilikuwa na pini mbili mdomoni. Akasimama upande wa pedeli, akashika ukingo wa meza. Akasema, "Mama, mimi sirudi kule. Mzee anafunga mlango."

Nilimjibu bila kuzitoa zile pini. Nikasema, "Anafunga ili mwombe vizuri."

Alisimama kidogo. Kisha akainama, akaokota vipande vya kitambaa vilivyoanguka sakafuni, akavitia kwenye kopo kama alivyozoea. Jioni nikamrudisha mwenyewe nimemshika mkono, na kwenye mfuko wake nimempakia sabuni na maandazi manne.

Mnajua, watoto hawaji na maelezo ya polisi. Mtoto anakuja na mlango. Anakuja na tumbo linalouma kila Ijumaa jioni. Anakuja na "sitaki kukaa karibu na ustadhi fulani", au anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Mzazi akingoja mtoto wa miaka 11 alitaje kosa kwa jina lake, atangoja mpaka huyo mtoto awe mtu mzima. Kule Australia serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza namna taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono wa watoto. Ilifanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017, ikawasikiliza faraghani watu zaidi ya 8,000 waliotendewa wakiwa watoto, na ikakuta kwamba kwa wastani kila mmoja alichukua karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Niliposoma hiyo tarakimu niliweka simu chini nikakaa. Mwanangu hakuchukua miaka 24. Alichukua siku tatu. Miaka tisa iliyofuata nilimwongezea mimi.

Sasa hili daftari. Nimekuja nalo, mnaliona, limechakaa. Ni daftari la vipimo. Watoto wa kwaya ile niliwapima Novemba, nikawajaribisha majoho mwisho wa Desemba, baada ya kambi. Mtoto anakua, na fundi mwenye akili humwachia pindo la inchi mbili. Lakini wale nguo ziliwapwaya. Someni hapa: kifua inchi 26, pembeni nimeandika 25. Kiuno 23, pembeni 21 na nusu. Watoto saba kati ya kumi na wawili. Walikuwa wameshindishwa njaa siku saba na sisi tukaita mfungo. Na mimi, niliyeshika futi kwa mkono wangu, niliandika vipimo vipya kwa kalamu nyekundu, nikapunguza nguo.

Kulikuwa na mpangaji mwenzangu, mama wa Kizaramo, Mwislamu, tukipika kwenye kibaraza kimoja. Siku moja aliniuliza, "Jirani, mbona siku hizi mtoto hachezi rede na wenzake?" Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo ya nyumbani kwangu hayamhusu. Moyoni nikajiambia huyu ni mtu wa mataifa, ataelewa nini. Katika mji mzima wa Dar es Salaam, mtu pekee aliyeona kwamba mtoto wangu ameacha mchezo alikuwa yule niliyekatazwa kumsikiliza. Ndivyo kujifunga kunavyofanya kazi. Kwanza wanamwondoa jirani, kisha mwalimu, kisha shangazi, mpaka mtoto anabaki na mzazi mmoja tu wa kumkimbilia, na huyo mzazi ana pini mdomoni.

Novemba ya mwaka huohuo 2009, mimi nikiwa nakata kile kitambaa cha zambarau, Bunge letu lilikuwa limepitisha Sheria ya Mtoto. Sikuijua. Nimekuja kuisoma nikiwa mtu mzima wa kutosha kuaibika. Kifungu cha 9 kinampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto asitelekezwe, asibaguliwe, asifanyiwe ukatili wala unyanyasaji, asiachwe kwenye hatari ya mwili au ya maadili. Nimekisoma mara kadhaa nikitafuta palipoandikwa "isipokuwa akiwa kambini". Hapapo. Kifungu cha 95 kinakwenda mbali zaidi: mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa. Ushahidi au taarifa. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, kimoja nimeambiwa, kingine nimekiandika kwa kalamu nyekundu. Na Kanuni ya Adhabu inasema mtu aliye na dhamana ya asiyeweza kujihudumia, kwa sababu ya umri kwa mfano, akiacha kumpa mahitaji ya uhai, madhara yatakayompata huhesabiwa kuwa yamesababishwa na yeye aliyeacha.

Najua mtu hapo nyuma anawaza uhuru wa kuabudu. Upo, Katiba yetu inaulinda kwenye Ibara ya 19, na mimi mwenyewe nauhitaji kwa sababu bado ninasali kila Jumapili. Lakini tuutazame huo uhuru ni wa nani. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la mwanamke mmoja aliyemchukua mtoto aliyekuwa akimlea, wa miaka 9, kugawa naye magazeti ya dini barabarani usiku. Kosa dogo ukilinganisha na haya yetu. Majaji walisema jambo ambalo nalitafsiri kwa maneno yangu: mzazi yuko huru kujitoa sadaka mwenyewe, ila hana ruhusa ya kumfanya mtoto wake sadaka kabla mtoto hajafika umri wa kuamua. Mtu mzima anafunga. Mtoto mdogo hafungi, anafungishwa.

Jirani zetu Kenya wamelipia somo hili kwa makaburi. Aprili 2023 polisi waliingia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na kazi ya kufukua ilipoendelea ilitoka miili zaidi ya 400. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, kwa kunyongwa au kuzibwa pumzi. Februari 2024 kiongozi wa kundi na wenzake 29 walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, wakakana, na hukumu ni ya mahakama. Mimi kila nikisoma ile 191 nawaza jambo moja. Watoto hawajui njia ya Shakahola. Mtu aliwaamsha asubuhi, akawavika, akawalipia nauli ya basi. Akawashika mkono kama nilivyomshika wangu. Na Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa, watoto wakiwemo. Watu wa kundi lile walikuwa wamezoezwa kutozungumza, wakawasiliana kwa ishara za mikono, eti kuzungumza kunaweza kumfanya mtu amshuhudie jirani uongo. Hebu fikirini mtoto wa miaka sita anayetaka kumwambia mama yake jambo, na ulimi umeharamishwa.

Hayo ni ya vifo. Kuna lile la Ujerumani ambalo lina ugumu zaidi kwangu, kwa sababu pale hakufa mtu, na waliotenda ni wazazi wenyewe. Kuna kundi linaloitwa Makabila Kumi na Mawili. Wanaishi pamoja, wanalima, wanafundisha watoto wao wenyewe, watu wapole ukiwaona. Walikuwa wanawachapa watoto kwa fimbo nyembamba, kwa utaratibu, wakinukuu Mithali kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Ujerumani imekataza kumpiga mtoto tangu 2000. Mwandishi wa habari aliingia kama mgeni akarekodi kwa kamera iliyofichwa, na Septemba 2013 polisi wa jimbo la Bavaria waliwachukua watoto 40. Baadhi ya wazazi walikwenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya wakisema familia zao zimevunjwa. Machi 2018 mahakama ikasema serikali haikukosea: watoto walikuwa katika hatari ya kupigwa kwa mazoea, wazazi walikuwa wamesema wazi hawataacha, na hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kuwalinda.

Sifurahii mtoto kunyang'anywa mama yake. Usiku wa kwanza watoto wale walilia, sina shaka, na waliowalilia ni walewale waliowachapa. Ndiyo maana nimesema lina ugumu. Sheria yetu wenyewe haijakataza kiboko cha mzazi moja kwa moja. Inasema adhabu isizidi kipimo kwa umri na hali ya mtoto. Lakini nawaomba wachungaji: mstari ule wa Mithali mnapousoma mimbarini, kumbukeni nani amekaa kwenye mabenchi ya nyuma akiusikia, na nani atakayefika nao nyumbani. Kitabu hichohicho kina yule aliyesema atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, heri afungiwe jiwe la kusagia shingoni akatoswe baharini. Na ndugu zangu Waislamu mmepewa hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja wenu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Ataulizwa yeye. Haikusemwa kwamba ataulizwa yule aliyemwachia zizi.

Hapo ndipo ninaposimamia. Sisi Waswahili tuna neno amana. Jirani akikuwekea fedha zake za mchezo, huzipeleki kwa mtu wa tatu kwa kuwa tu mtu huyo anaswali vizuri. Zikipotea kule, anayedaiwa ni wewe. Mtoto niliwekewa mimi. Nilipomfikisha kwenye lile geti, wajibu haukubaki getini. Nilirudi nao nyumbani, nikaukalia kwenye kiti cha cherehani, nikashona.

Na yule aliyetenda? Atajibu kwa alichotenda, na namwombea ajibu hapahapa duniani. Ubakaji kwa sheria yetu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kosa langu halipunguzi lake hata siku moja. Nasema hili kwa sauti kwa sababu wapo viongozi wanaopenda sana kusikia mama akijilaumu, wakajificha nyuma yake.

Kuna neno lingine linalotumika kufunga midomo: leta mashahidi wawili. Ile tume ya Australia ilikagua Wakatoliki, Waanglikana, vituo vya yatima, shule za bweni, na ilikuta uozo huku na huku. Ilipofungua majalada ya Mashahidi wa Yehova wa nchi ile, ilikuta kwamba tangu 1950 wao wenyewe walikuwa wameandika tuhuma dhidi ya watu 1,006, na hapakuwa na hata mmoja waliyempeleka kwa mamlaka za nje. Kanuni yao ndani ilitaka mtuhumiwa akiri au wapatikane mashahidi wawili. Lakini mlango hufungwa ili shahidi wa pili asiwepo! Hapa kwetu mahakama haidai hivyo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu, katika makosa ya kujamiiana, mtu kutiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba ushahidi bora wa kosa hili ni wa aliyetendewa. Jaji anakubali kumsikiliza mtoto mmoja. Mama yake alidai nini zaidi?

Mwaka 2018, akiwa na miaka 20, tulikuwa kibarazani tunachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, unakumbuka nilikwambia mzee anafunga mlango?" Nikakumbuka neno kwa neno. Nikakumbuka rangi ya kitambaa, nikakumbuka ladha ya chuma mdomoni. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia sikujua. Mtu hakumbuki jambo ambalo hakulisikia. Nilisikia. Nililiweka mahali, na nilijua nimeliweka wapi.

Tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto, mimi na yeye. Askari wa kike alituwekea kiti, akamsikiliza saa mbili nzima, mimi nikingoja nje kwa sababu alisema hataki niwepo. Ile nyumba sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Mzee alihama na mwenye nyumba hajui alikokwenda. Jalada lipo. Hatujamaliza.

Msidhani haya ni ya kundi moja. Mwaka uleule 2009 ulifanyika utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatoka 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana pia. Baba mwenye mtoto wa kiume aliyeko bweni la madrasa au seminari asijione yuko nje ya mazungumzo haya.

Yaliyobaki ni ya kufanya, nitayasema haraka, afisa ustawi atayafafanua. Mtoto akikuambia jambo kama la mlango, toa pini mdomoni. Mwambie, "Niambie kuhusu huo mlango," halafu nyamaza. Usimuulize mara kumi, usimuite shangazi na majirani waje wasikie. Mwambie umemwamini. Kama limetokea karibuni, usimwogeshe kwanza. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, umpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Hospitali kama Amana zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi mnawakuta pamoja, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mnaipata bila kuzunguka. Namba ya simu ya mtoto ni 116, hailipiwi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Usianze kwa kiongozi wa kundi. Hata kama ni mtu mzuri, hata kama ndiye aliyekuozesha. Atataka kuyamaliza ndani, atakuita kikao, watu wazima tisa na mtoto mmoja. Na kina baba, najua mitaani kwetu kuna kumalizana kifamilia: laki tatu, mbuzi, na msamaha. Hilo ni kosa la jinai, na mtoto anajua aliuzwa kwa bei gani. Atakuja kuwatajia.

Viongozi wa dini mliopo, nina ombi moja, nililiandika peke yake ili nisilisahau. Vyumba vyenu vya maombezi, vya kusomea Kurani, vya mafundisho ya kipaimara, wekeni dirisha kwenye mlango. Kioo cha futi moja kwa futi moja, fundi wa mtaani anakata nusu saa. Watoto wasikae na mtu mzima mmoja peke yake, hata akiwa ni wewe. Na mzazi akija katikati ya kambi kumwona mwanawe, mpisheni aingie bila kuulizwa sababu. Palipo na mtu anayemkataza mzazi kuingia alipo mtoto wake, mzazi, usirudi nyumbani bila mtoto. Hilo tu, hata kama walikuzikia.

Nashukuru kwa kunivumilia. Afisa ustawi amewekewa meza nyuma ya jengo, upande wa foleni ya chai, kila mtu atapita pale, hivyo hakuna atakayejua nani amesimama kunywa na nani amesimama kusema. Atakuwepo mpaka saa tisa. Wanaonyonyesha watangulie.